Patenti Ilitoka Wapi?



Mama mmoja wa parokia yetu huuza samaki wakavu na mafuta ya mawese sokoni. Hana duka. Ana meza moja, na mvua ikinyesha hufunika mali yake kwa turubai la kuazima. Jumapili moja baada ya Misa alitujia na mfuko wa sukari mkononi, akatoa ndani yake karatasi, akazipanga moja moja juu ya benchi la kanisa: tiketi za soko, karatasi ya usafi, karatasi ya mahali pa meza, nyingine ambayo muhuri wake ulikuwa umefutika, na chini ya zote patenti. Akasema: «Mwalimu, wewe umesoma. Nisomee hizi. Na hii ya chini, nani aliianzisha? Kila mwaka wananiambia kwamba bila hii mimi nafanya biashara ya wizi.»

Tulimsomea zote. Lakini ulizo lake la mwisho hatukuweza kulijibu siku ile, nasi tuliona haya, kwa maana katika seminari tulifundishwa historia ya Ulaya miaka mingi, na majina ya wafalme tunayajua kwa moyo. Basi tulirudi kwenye vitabu. Tuliyoyakuta tunawaletea hapa, kwa ajili ya mama yule na kwa ajili ya wengine wanaobeba mfuko kama wake.

Inatupasa kuanza mbali kidogo, kwa mfalme ambaye Kanisa linamheshimu kati ya watakatifu. Louis wa tisa, ambaye sisi tunamwita Mtakatifu Ludoviko, alitawala Ufaransa tangu mwaka 1226 hata mwaka 1270. Mji wake wa Paris ulijaa mafundi, na ugomvi wao haukwisha. Karibu na mwaka 1268 mkubwa wa mji, Étienne Boileau, aliwaita mafundi wa kila kazi waje mbele yake kueleza desturi zao, naye akaziandikisha katika kitabu. Humo mna kazi karibu mia moja. Waoka mikate wamo, washona viatu wamo, wafua vyuma wamo. Hata watengenezaji wa rozari wamo, tena si chama kimoja: wale wa shanga za mifupa na pembe walikuwa na chama chao, wale wa marijani na makombe chao, wale wa kaharabu chao. Tuliposoma hayo tulicheka. Kisha tukaacha kucheka, maana tunamjua mtu aliyetozwa kodi mara mbili katika asubuhi moja kwa sababu alipanga sabuni kando ya chumvi.

Walakini tusivionee vyama vile vya ufundi. Vilizaliwa kwa sababu njema. Mnunuzi alilindwa: mkate uwe na uzito wake, ngozi ya kiatu iwe ngozi kweli. Kijana alipewa bwana wa kumfundisha kazi, na bwana yule alifungwa na kanuni asimtumie kama punda. Kila ufundi ulikuwa na mtakatifu wake, washona viatu Mtakatifu Krispino, wafua dhahabu Mtakatifu Eligio, na pamoja na chama cha kazi kilikuwapo chama cha ibada chenye altare yake na Misa yake. Fundi alipokufa wenzake walimzika. Mjane wake mara nyingi aliruhusiwa kuendelea na duka la marehemu. Ni nani kati yetu asiyetamani hayo?

Ubaya uliingia polepole. Mabwana wa ufundi waliona kwamba wakiwa wachache watapata zaidi, nao wakaanza kufunga mlango. Kijana aliyemaliza miaka yake ya kufundishwa alidaiwa kutengeneza kazi moja kubwa ya kuonyesha ufundi wake, na mara nyingine kazi hiyo ilikula miezi mizima na fedha nyingi, na waamuzi wake walikuwa ni wale wale ambao hawakutaka mshindani. Juu ya hiyo kulikuwa na ada ya chama, ada ya mfalme, na karamu ya kuwalisha mabwana. Mtoto wa bwana je? Mara nyingi alisamehewa kazi ile, au alipewa ndogo. Basi wengi walibaki vibarua wa mshahara mpaka uzee, si kwa kukosa akili ya kazi, bali kwa kukosa fedha ya mlangoni.

Halafu vyama vyenyewe vilishtakiana. Washona nguo wa Paris walifanya kesi na wauza nguo kuukuu kwa muda wa zaidi ya miaka mia mbili, kwa kuwa mshonaji alikuwa na haki ya nguo mpya, na mwenziwe ya nguo zilizovaliwa. Sasa nguo mpya inaanza lini kuwa kuukuu? Baba alikufa na kesi, mtoto akairithi, mjukuu akairithi. Waliopata faida walikuwa mawakili.

Lakini mzigo mkubwa kupita yote haukutoka kwa mafundi. Ulitoka kwa serikali, na hapa tunaomba msomaji asikimbie, maana hapa ndipo mahali pa kuelewa. Mfalme Louis wa kumi na nne alikuwa na vita vingi, na vita vinakula fedha. Mwaka 1673 ilitoka amri kwamba kazi ambazo zilikuwa bado huru zitiwe nazo katika vyama, kusudi zilipe. Mwaka 1691 akatangaza tena kwamba wasimamizi wa vyama, ambao mafundi walikuwa wakiwachagua wenyewe, sasa watakuwa watu wa cheo cha kununuliwa. Anayetaka cheo, na apeleke fedha katika hazina ya mfalme. Vyama viliogopa kutawaliwa na watu wasiojua hata kushika nyundo. Vikafanya nini? Vikavinunua vyeo vile vyenyewe. Fedha wakatoa wapi? Walikopa. Na deni likalipwa na nani? Na yule kijana aliye mlangoni, kwa kuwa ada ya kuingia ilipandishwa. Mfalme alipoona kwamba njia hiyo ni nyepesi, yeye na aliyemfuata waliirudia. Mwaka 1745 wakabuniwa wakaguzi wapya wa kila chama. Vyama vikanunua tena, vikakopa tena.

Hivyo kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya uzito wa mkate ikawa chombo cha kulipa madeni ya vita. Maneno yake hayakubadilika. Bado ilisema: twamlinda mnunuzi. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kuiondoa, kwa kuwa kila aliyeigusa aligusa kwanza mfuko wa hazina, na nyuma ya hazina mfuko wa wale walioikopesha.

Watu maskini walitafuta upenyo, kama watu wanavyoutafuta popote. Upande wa mashariki wa Paris palikuwa na monasteri ya masista wa Sito, iitwayo Saint-Antoine-des-Champs. Tangu zamani za mfalme Louis wa kumi na moja eneo lililoizunguka lilikuwa na ruhusa ya pekee: fundi aliyekaa chini ya ulinzi wa mama mkubwa wa monasteri aliweza kufanya kazi yake bila kuwa katika chama. Ruhusa hiyo ilithibitishwa mwaka 1657. Basi maseremala wasio na fedha ya mlangoni walihamia huko, na wageni kutoka nchi za Wajerumani pamoja nao. Waliofuata kanuni walisema kwamba huko kunatengenezwa takataka. Kumbe makabati na meza zilizotoka Saint-Antoine ziliingia katika nyumba za wakubwa, na nyingine hutunzwa leo katika majumba ya makumbusho. Hatusemi kwamba masista walikuwa na nia ya kutengeneza uchumi mpya. Pango la nyumba lilikuwa lao. Lakini ukuta wao ulionyesha jambo moja, kwamba kazi njema yaweza kufanywa na mtu asiye na karatasi.

Mwaka 1774 mfalme mpya, Louis wa kumi na sita, kijana wa karibu miaka ishirini, alimweka juu ya hazina bwana aitwaye Anne-Robert-Jacques Turgot. Tunampenda kidogo mtu huyu, kwa sababu alipita njia yetu: wazazi wake walimtoa awe padri, akasoma katika seminari ya Saint-Sulpice, akawa mkubwa wa wanafunzi katika Sorbonne, kisha mwaka 1751 akaacha, akaingia kazi ya serikali. Miaka kumi na mitatu, tangu 1761 hata 1774, alitawala jimbo la Limoges, nchi maskini ya mashamba ya mawe. Huko aliwaona wanavijiji wakitolewa mashambani kwenda kutengeneza barabara bila mshahara. Wazee wetu hapa Kongo hawahitaji kuelezwa kazi ya namna hiyo. Turgot aliiondoa katika jimbo lake, akatoza fedha badala yake, akawalipa wafanyakazi wa barabara.

Alipofika Paris alikuwa na haraka. Wengine wanasema ilikuwa haraka mno, nasi tunakubaliana nao. Mwezi wa Septemba 1774 alifungua biashara ya nafaka, na mavuno ya mwaka ule yakawa mabaya. Bei ya mkate ikapanda, na katika Aprili na Mei 1775 watu walifanya ghasia masokoni, serikali ikaleta askari. Mtu mwingine angaliogopa na kutulia. Yeye alileta mbele ya mfalme, mwanzoni mwa 1776, amri sita kwa pamoja. Ya kwanza ilikomesha kazi ya lazima ya barabara kwa nchi nzima. Nyingine ilifuta vyeo vya watu waliokaa katika bandari na masoko ya Paris wakipima na kubeba na kukagua na kutoza. Na moja ilivunja vyama vya ufundi: tangu sasa kila mtu, hata mgeni, aweza kufanya kazi aitakayo, mradi ajiandikishe kwa polisi.

Utangulizi wa amri hiyo ni mrefu, nao unasomeka hata leo. Turgot alieleza kwamba Mungu, alipompa binadamu mahitaji, alimpa na kazi ya kuyatimiza, kwa hiyo haki ya kufanya kazi ni mali ya kila mtu, tena mali ya kwanza kabisa. Mfalme haiuzi, kwa kuwa si yake. Akataja pia wanawake: kanuni za vyama zilikataa hata mwanamke asitarizi nguo kwa kazi yake mwenyewe, naye akiwa hana njia nyingine ya kupata chakula. Mtu aliyesoma teolojia anatambua sauti ile. Wakati huo huo amri ilivunja na vyama vya ibada vya mafundi, pamoja na Misa zao za mtakatifu wao. Hapo tunaona kwamba aling'oa ngano pamoja na magugu.

Si kazi zote zilizoguswa. Watengenezaji wa dawa waliachwa, maana dawa mbaya huua. Wafua dhahabu waliachwa, na wachapa vitabu, ambao serikali ilitaka kuwaangalia. Na vinyozi watengenezaji wa nywele za bandia waliachwa pia. Kwa nini vinyozi? Je, wembe ni hatari kama dawa? La. Ni kwa sababu wao walikuwa wamenunua vyeo vyao kwa mfalme, na kuwavunja kungaliidai hazina iwarudishie fedha. Haikuwa nayo. Kwa watu wanaochunguza sheria, neno hili dogo la vinyozi lina faida kubwa kuliko utangulizi mzima.

Mahakama kuu ya Paris, iitwayo Parlement, ilikuwa na haki ya kuandikisha amri za mfalme kabla hazijatumika. Ilikataa. Mfalme akawaita Versailles tarehe 12 Machi 1776, akaketi mwenyewe mbele yao, ndipo amri zikaandikishwa kwa nguvu. Siku ile Antoine-Louis Séguier, msemaji wa serikali katika mahakama, alisimama akavitetea vyama. Alisema kwamba nchi ni kama mnyororo ambao pete yake ya kwanza iko mkononi mwa mfalme. Ukivunja pete ndogo za chini, mnyororo wote utalegea. Mtukufu mmoja wa ukoo wa mfalme, Prince de Conti, alipinga kwa ukali. Huyu alikuwa bwana wa eneo la Temple, ambalo nalo, kama Saint-Antoine, lilikuwa kimbilio la mafundi wasio na chama, na mafundi wale walimlipa pango. Kama kazi ikiwa huru kila mahali, nani atalipa pango kubwa kwa ajili ya kimbilio? Twaona basi kwamba mzigo wa kanuni humlisha hata yule anayeuza njia ya kuukwepa.

Lakini si wakubwa peke yao waliolia. Kulikuwako Paris vyama vya wanawake, wauza nguo za kitani, na washonaji wa kike waliopata chama chao mwaka 1675. Hao walipiga chapa maandiko yao wakisema: msituvunje. Kwa mwanamke wa siku zile chama kilikuwa mahali pekee alipoweza kuwa bwana wa kazi yake bila kumwomba mwanamume. Turgot aliandika kwa ajili ya wanawake walio nje ya mlango. Hakuwasikiliza walio ndani. Neno hili lilitusumbua tulipokuwa tukiandika, nasi hatutalificha ili tumpambe.

Vibarua wa Paris walisherehekea mlangoni mwa mabwana wao. Furaha yao ilidumu miezi miwili. Tarehe 12 Mei 1776 mfalme, akisukumwa na watu wa nyumba yake na mawaziri wake, alimwondoa Turgot. Mwezi wa Agosti kazi ya lazima ya barabara ilirudi, na vyama vya ufundi navyo vilirudi. Havikurudi sawasawa na zamani, tuseme kweli. Vile zaidi ya mia moja vya Paris vilipunguzwa vikawa vikubwa sita na vingine 44, ada ikashushwa, wanawake wakaruhusiwa kuingia katika vingi. Na kazi kadha za watu wadogo ziliachwa huru kabisa: wauza maua, watengeneza viatu vikuukuu, watunza bustani, na, mtafurahi kusikia, watengenezaji wa rozari. Mfupa na marijani na kaharabu, miaka mia tano baada ya Boileau, viliweza kukaa juu ya meza moja.

Turgot alikufa mwaka 1781. Miaka minane baadaye yalikuja mapinduzi, ambayo mabaya yake kwa Kanisa tunayajua. Lakini ndani ya mapinduzi yale ilitoka sheria tunayoitafuta. Mbunge aliyeitwa d'Allarde aliileta, nayo ikathibitishwa tarehe 2 na tarehe 17 Machi 1791. Ilivunja vyama vyote tangu tarehe 1 Aprili, safari hii na vinyozi pia, ikaahidi kuwarudishia mabwana sehemu ya ada walizolipa. Ikasema kwamba kila mtu ni huru kufanya biashara au ufundi autakao. Kisha ikaongeza: lakini kwanza ajipatie patenti na kulipa bei yake.

Basi, mama yetu, ni hapo. Hazina ilikuwa imepoteza ada za vyama, nayo ilitaka kitu mahali pake. Mlango wa zamani uling'olewa, na pale pale pakawekwa mlango mwingine. Walakini tusiseme kwamba ni sawa. Mlango wa zamani ulilindwa na washindani wako. Mpya, mtu yeyote mwenye bei yake alipita bila kutengeneza kazi ya maonyesho wala kulisha karamu. Na bei yenyewe ilifuata pango la nyumba na duka la mtu, hata mwenye duka kubwa alipe zaidi.

Tena kuna kipengele kimoja ambacho tulipokikuta tulikisoma mara tatu. Sheria ile ya 1791, katika kipengele chake cha saba, inataja watu wasiodaiwa patenti, na kati yao wanaume na wanawake wauzao maua, matunda, mboga, samaki, siagi na mayai katika njia na masoko, mradi wasiwe na duka wala kibanda. Samaki, wasomaji. Sokoni, bila duka. Waliotunga patenti walikuwa watu wa kodi, si watu wa huruma, lakini waliona kwamba kumwandama mama mwenye kikapu ni kutumia franka mbili kwa kutafuta moja.

Uhuru ule ulikuwa na kivuli chake. Miezi mitatu tu baadaye, tarehe 14 Juni 1791, sheria ya mbunge Le Chapelier iliwakataza wafanyakazi wasikutane kwa ajili ya mshahara wao, kwa kuwa maseremala wa Paris walikuwa wamegoma. Fundi maskini sasa alikuwa huru, na peke yake. Ufaransa haikuruhusu mgomo mpaka mwaka 1864, wala vyama vya wafanyakazi mpaka 1884. Baba Mtakatifu Leo wa kumi na tatu, katika barua yake ya tarehe 15 Mei 1891, alisikitika kwamba vyama vya kale vya mafundi vilivunjwa bila kuwekwa ulinzi mwingine mahali pake. Alisema kweli. Lakini sisi tunaosoma barua hiyo tusiifanye kuwa sifa kwa kila ada na kila muhuri. Papa alilia kwa ajili ya ulinzi uliopotea, si kwa ajili ya fedha ya mlangoni.

Mwaka 1795 Wafaransa waliitwaa nchi ya Ubelgiji, wakaleta sheria zao, nayo sheria ya d'Allarde ilikaa katika vitabu vya Wabelgiji mpaka mwaka 2013. Kwa njia ya lugha yao ya serikali neno patenti lilifika kwetu. Ufaransa yenyewe iliiondoa patenti mwaka 1975 na kuweka kodi nyingine. Kwetu ilifuata njia ya kinyume. Amri yenye nguvu ya sheria ya tarehe 2 Agosti 1979 juu ya biashara ndogo ilisema kwamba mfanyabiashara mdogo, asiyeandikwa katika daftari kubwa la biashara, ndiye mwenye kuchukua patenti. Angalia namna karatasi ilivyogeuka njiani. Ilizaliwa kwa ajili ya mwenye duka, na mama wa samaki akasamehewa. Ilipofika hapa ikawa karatasi ya wadogo hasa.

Serikali yetu haikukaa kimya nyakati zote. Tarehe 28 Machi 2002 ilitoka amri ya kutaja idara zenye ruhusa ya kufanya kazi mipakani, nazo ni nne tu: forodha, ukaguzi wa mali, uhamiaji, na usafi. Akina mama wanaovuka mpaka kila asubuhi na beseni kichwani watatuambia wenyewe wanakutana na wangapi. Mwaka 2012 nchi iliingia katika mapatano ya OHADA, na mwaka ule ule ikaamriwa nyumba moja ya kuandikisha kampuni, mahali pa kuzunguka ofisi nyingi. Sheria za OHADA zinamjua pia mtu mdogo, ambaye anatangaza tu kazi yake kwa karani wa mahakama, bila malipo. Ni wangapi sokoni wanaoijua? Sisi tuliijua tulipotafuta jibu la mama yule.

Na tarehe 15 Julai 2016 iliondolewa ile kanuni ya sheria ya jamaa ya mwaka 1987 ambayo ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kujifunga kwa mapatano yoyote. Turgot angaliifurahia. Wako waume katika mashirika yetu ambao mpaka leo hawajaisikia, au wameisikia na kunyamaza.

Tulimweleza mama yote hayo kwa kifupi, tukiwa tumeketi nje ya kanisa. Hakuuliza juu ya wafalme. Aliuliza tu kama kipengele kile cha samaki kinaweza kuonyeshwa kwa mtoza kodi. Tukamwambia hapana, ni sheria ya Wafaransa wa zamani, haina nguvu hapa. Akakunja karatasi zake. Kisha akasema kwamba ile yenye muhuri uliofutika ndiyo anayoilipia zaidi, kila Jumamosi, na hajui ni ya idara gani. Nasi pia hatukuweza kuisoma. Tumepatana kwamba wenzake wa soko walete zao, wote wenye karatasi kama hiyo, Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili, tuzipange pamoja juu ya benchi tuone ni ngapi zina jina la sheria chini yake, na ni ngapi hazina.